Mzaramo Aliyerithi Nyuki wa Usinge

Jumatatu, tarehe 14 Machi 1955, Nassibu bin Mfaume, fundi magodoro wa Ipuli, Tabora, aliandikishwa kuwa mwenye mizinga yote iliyoachwa na marehemu Raymundi Masele katika msitu wa hifadhi wa Usinge. Alivishwa shingoni kibati cha shaba chenye namba ya kibali, akapeana mkono na Mzungu wa mpango wa asali, akatoka nje akiwa haelewi lililompata.

Hakuwa amewahi kumiliki nyuki hata siku moja. Alikuwa anawaogopa. Mwaka aliorudi kutoka vita vya Burma, nyuki mmoja alimuuma kwenye kope wakati anajaza usufi ndani ya godoro la mteja. Nassibu alitoka mbio barabarani, usufi ukimfuata kama moshi, na watu wa Ipuli hawajaacha kumcheka mpaka leo. Huyo ndiye ambaye sasa alikuwa anarudi nyumbani akiwa mfuga nyuki mwenye kibali cha serikali.

Mkewe, Batuli, alikuwa uani anapepeta mchele. Alikiona kibati kabla ya salamu.

"Umepewa cheo?"

"Nimepewa nyuki."

"Nyuki?"

"Mizinga. Ya Raymundi wa Usinge."

Batuli aliuweka ungo chini. "Yule aliyekufa? Mwenye mke mrefu?"

"Huyo huyo."

"Na mke naye kibati chake kiko wapi?"

"Batuli, nakwambia mizinga."

"Nami nakuuliza habari ya mwenye mizinga. Tangu lini mtu akarithi mali ya marehemu, mjane akaachwa ananing'inia ukutani kama kalenda? Sema tu, baba. Kama umeoa, niambie nijue mchele nipike wa watu wangapi."

Nassibu alitaka kumjibu, akaona hana jibu. Hilo ndilo lililomtisha. Mtu akisingiziwa jambo huwa anajua kwa hakika kwamba hakulitenda. Yeye, kila alipojaribu kukumbuka, alikuta kwamba maneno yote yaliyomletea mizinga hiyo alikuwa ameyasema mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya kadamnasi.

Mambo yalianza na karanga. Serikali ilikuwa imelima karanga kule Urambo kwa matrekta mengi na haraka nyingi, na karanga zikakataa. Baada ya aibu ile wakubwa waliapa kwamba katika nchi ya magharibi hawatafanya tena jambo lolote la maendeleo kabla ya watu wa chuo kikuu kuja kuchunguza na kuuliza. Waliposikia kwamba utajiri wa misitu ya huku ni asali na nta, hawakupeleka trekta. Walipeleka msomi.

Msomi huyo alikuwa Miss Pelham, mwanamke wa Kiingereza aliyetumwa na chuo kikuu cha kwao. Alifika Tabora mapema mwaka 1954, akakaa miezi mingi, na watu wakampa jina la Bibi Maswali. Alitaka kujua nani anamiliki mizinga, nani anairithi, nani anaweza kuingia msituni na kwa haki gani. Matokeo ya uchunguzi wake ndiyo yangetumiwa kutoa vibali, kwa kuwa msitu ulikuwa unafungwa, na asiye na kibali hataingia tena.

Alihitaji mkalimani. Nassibu alikuwa amejifunza Kiingereza jeshini, na Kinyamwezi alikuwa amekinyonya pamoja na maziwa ya jirani. Siku ya kwanza Miss Pelham alimpa sharti moja.

"Utafasiri kila kinachosemwa. Usipunguze, usiongeze, usinieleze unachodhani mimi nataka kusikia."

Nassibu aliliheshimu sharti lile kama amri ya sajini.

Kilichokuwa kigumu ni kwamba Nassibu ni Mzaramo. Babu yake alitoka Maneromango na msafara wa pembe, akaugua Tabora, msafara ukamwacha, naye akaoa na kubaki. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi ya njia ya misafara, wapagazi wa bara walipokuwa wanapita Uzaramo kwenda pwani na kurudi. Kwa hiyo popote Miss Pelham alipompeleka mkalimani wake, hakupelekwa mkalimani peke yake, alipelekwa mtani. Swali la kwanza lilijibiwa kwa tusi, na Nassibu akalifasiri. La pili likajibiwa kwa tusi la mama mkwe, naye akalifasiri pia. Miss Pelham aliandika yote kwa utulivu, na jioni akatenganisha matusi na habari. Aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa, na kwa miezi mingi hakukosea.

Huko Usinge ndiko walikomkuta Raymundi Masele. Alikuwa mrina asali mwenye jina kubwa, Mkatoliki wa kusali kila Jumapili isipokuwa zile za msimu wa kurina, na mtu mpole aliyependa kueleza kazi yake. Alimwonyesha Miss Pelham jinsi ya kubandua gome la mti wa myombo na kulikunja liwe mzinga, jinsi ya kuutundika na jinsi ya kumfukizia nyuki moshi bila kumkasirisha. Nassibu alifasiri akiwa amesimama mbali.

"Sogea, mtani," Raymundi alimwambia. "Nyuki wetu hawali Wazaramo. Wanachagua chakula."

Mwezi Agosti, wao wakiwa wangali kijijini, Raymundi alishikwa na homa akafa.

Nassibu alijua linalompasa. Katika msiba, watu wote wanalia isipokuwa mtani. Kazi ya mtani ni kuja na ghasia, kumkosea adabu marehemu, kukamata mali yake na kusema ni yangu, mpaka wafiwa wacheke angalau mara moja kabla jua halijatua. Asipofika mtani, watu husema marehemu amezikwa kama mtu asiyejulikana. Basi katekista alipomaliza sala na watu wakarudi kutoka makaburini, Nassibu aliichukua kofia ya Raymundi, akaivaa kichwani, akaenda kukaa juu ya mzinga mpya uliokuwa umelazwa mbele ya nyumba ukingoja kutundikwa.

"Mnamlilia nani nyinyi?" alipaza sauti. "Huyu alikuwa mpagazi wangu! Amekufa na mzigo hajaufikisha! Babu yake alipita kwetu na pembe begani, akala nazi zetu, na mjukuu naye anakwenda ahera bila kulipa! Mzinga huu ni wangu. Na ile iliyoko msituni ni yangu yote. Sibakishi."

Eustadia, mjane wa Raymundi, alikuwa amekaa kizingitini, shuka imefungwa kiunoni, sauti imemkauka. Aliinua uso.

"Chukua!" alisema. "Chukua yote, mla nazi we! Panda juu ukawasalimu nyuki, tuone kama wanajua Kizaramo!"

Watu waliangua kicheko. Eustadia mwenyewe alicheka, kisha akalia upya, lakini kilio cha sasa kilikuwa na pumzi ndani yake. Nassibu aliona kwamba kazi yake imefanyika.

Miss Pelham alikuwa amesimama karibu. "Umesema nini?"

"Nimesema mizinga yote ni yangu."

"Na yeye?"

"Amesema nichukue."

"Alikuwa anaweza kukataa?"

Nassibu alifikiri. Mfiwa anayemkatalia mtani hajawahi kuonekana. "Hapana. Hawezi kukataa. Ila anaweza kukomboa."

"Kwa kitu gani?"

"Kuku. Au unga kidogo. Chochote."

"Na asipokomboa?"

Hapo Nassibu alikwama, maana swali hilo hakuna aliyewahi kumwuliza, wala yeye mwenyewe kujiuliza. Wafiwa hukomboa siku zote. Lakini sharti lilikuwa kujibu kilichoulizwa. "Basi nadhani inabaki yangu," alisema. Akaongeza, kwa sababu alihisi kuna kitu kinateleza, "Lakini huu ni utani, Miss."

"Najua," alisema Miss Pelham. "Nimesoma habari za utani."

Kuku alikuwepo. Wenceslaus, mdogo wake marehemu, alikuwa ameshaanza kumfukuza jogoo nyuma ya nyumba ili mtani alipwe, ashuke kwenye mzinga, na mambo yaishe. Jogoo alikuwa na mbio. Kabla hajakamatwa alikuja mtu kutoka stesheni kusema treni ya Tabora imewahi na haitangoja. Miss Pelham alikuwa na miadi mjini. Nassibu aliivua kofia, akaitundika juu ya mzinga, akakimbia na masanduku. Kitu cha mwisho alichokiona Usinge mwaka ule ni Wenceslaus akizunguka nyumba kwa mara nyingine, na jogoo mbele yake.

Hayo yote aliyakumbuka sawasawa. Ndiyo maana, siku ya pili baada ya kuvishwa kibati, alirudi kwa yule Mzungu wa mpango wa asali, ambaye watu walimwita Bwana Nta, akiwa na hakika kwamba maneno machache yatatosha.

Bwana Nta alizungumza Kiswahili safi na alikuwa mtu wa subira.

"Bwana," alisema Nassibu, "ile mizinga si yangu. Ulikuwa utani."

"Ndiyo. Imeandikwa hivyo hivyo." Bwana Nta alifunua taarifa ya chuo kikuu. "Mtani ana haki ya kukamata mali ya marehemu. Mfiwa hawezi kukataa, lakini anaweza kukomboa. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Ulikamata?"

"Nilikamata."

"Walikomboa?"

Nassibu alimwona jogoo anakata kona ya nyumba. "Walikuwa wanataka kukomboa."

"Sikuuliza walikuwa wanataka nini."

"Hawakukomboa, bwana."

"Sasa uongo uko wapi?"

Nassibu aliutafuta. Aliyapitia maneno moja moja, kama anavyoupapasa usufi kutafuta mbegu iliyosalia, na hakuipata. Kila neno lilikuwa kweli. Miss Pelham hakuwa amebuni kitu, na yeye hakuwa amepunguza wala kuongeza. Hata hivyo mizinga ilikuwa ya Eustadia, na jambo hilo alilijua kila mtoto wa Usinge.

"Basi nairudisha," alisema. Alianza kuivua kamba ya kibati shingoni.

"Ngoja kwanza," alisema Bwana Nta. "Ukikirudisha, mizinga inakuwa haina mwenyewe. Mizinga isiyo na mwenyewe itateremshwa mitini kabla ya msimu. Hiyo ndiyo sheria ya hifadhi."

"Mwandike mjane."

"Daftari la vibali limefungwa mpaka uchunguzi mwingine mwakani. Serikali ilileta chuo kikuu ili tusifanye tena kama kule Urambo, kila mtu na wazo lake. Siwezi kuubadilisha utafiti kwa sababu fundi magodoro amelala akaamka na fikra mpya." Alisema hayo bila ubaya. "Chukua kibali. Msitu utafunguliwa Juni. Mwenye kibali lazima awe mwenyewe kambini msituni msimu mzima. Wasaidizi anaweza kuwa nao. Hongera, Nassibu."

Batuli alisimuliwa yote.

"Kwa hiyo hujaoa," alisema.

"Sijaoa."

"Na mizinga si yako."

"Si yangu."

"Lakini ukisema si yako, yule mwanamke anaikosa. Ukisema ni yako, umemwibia."

"Ndiyo."

"Nenda Usinge," alisema Batuli. "Hapa unanichanganya na mimi."

Alikwenda mwisho wa Aprili, mvua zilipoanza kupungua. Ndani ya treni alitayarisha matusi ya kujibu matusi, kama afanyavyo kila anapokwenda kwa Wanyamwezi, na hilo lilimtuliza kidogo. Aliposhuka alimwona Wenceslaus amesimama kando ya reli.

"Ehe, mpagazi!" alimwita. "Uje uchukue mzigo wa bwana wako!"

Wenceslaus alikuja. Aliuchukua mzigo, akauweka begani.

"Karibu, bwana Nassibu," alisema. "Habari za safari?"

Miaka yote aliyoishi, hakuna Mnyamwezi aliyewahi kumwita Nassibu bwana. Njiani wanawake waliokuwa wanapalilia walisimama wakamsalimu kwa heshima. Vijana walimpa shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Hakuna aliyeitaja nazi. Hakuna aliyemwuliza kama Wazaramo wameacha kucheza ngoma wakaanza kufanya kazi. Afadhali wangempiga mawe, aliwaza. Utani ulikuwa umeondolewa kwake kama kiti kinavyovutwa chini ya mtu, na yeye alikuwa bado hajajua kama ameanguka.

Eustadia alikuwa uwanjani. Alimpa kigoda, akampa maji, akakaa mbali naye.

"Tumesikia kuna watu wameitwa bomani," alisema.

"Niliitwa mimi."

"Tumesikia umevaa kibati."

"Nilivishwa."

"Ukakivua?"

Nassibu alikuwa amekivaa ndani ya kanzu.

"Mimi si msomi, bwana Nassibu," alisema Eustadia. "Sikatai yaliyoandikwa. Ninachotaka nijue mapema. Kaka zangu wa Lusu wameshaniletea salamu. Wanasema mwanamke asiye na mizinga Usinge anakaa kufanya nini, arudi nyumbani. Nikirudi, nitalala jikoni kwa wake zao mpaka nife. Wenceslaus angenirinia asali msimu huu, tungeuza nta, ningebaki hapa kwenye kaburi la mume wangu. Sasa Wenceslaus hawezi kuingia msituni. Kwa hiyo niambie tu. Nifunge mizigo?"

Nassibu alijaribu kueleza. Alieleza habari ya chuo kikuu, ya daftari lililofungwa, ya mizinga isiyo na mwenyewe. Alijisikia akisema kama Bwana Nta, kila neno la kweli, na nyuso za Eustadia na Wenceslaus zikizidi kukunjamana. Katikati ya sentensi alipoteza njia. Macho yake yalizunguka uwanja yakitafuta mahali pa kupumzika, yakakutana na ule mzinga. Ulikuwa bado umelazwa mbele ya nyumba. Hakuna aliyeutundika tangu msiba. Na juu yake palikuwa na kofia, imefifia kwa mvua, palepale alipoiacha.

Hawakuwa wameigusa. Walikuwa wameiacha kwa sababu utani wa siku ile haukuwa umekwisha. Kwao pia ulikuwa umesimama nusu, jogoo akiwa hajakamatwa.

Nassibu aliinuka kwenye kigoda. Aliivaa kofia, akaketi juu ya mzinga, akakunja mikono.

"Jogoo wangu yuko wapi?"

Aliupiga mzinga kofi.

"Nimetoka Tabora kwa nauli yangu kudai jogoo wangu. Wanyamwezi ni watu gani hawa! Mnamzika mpagazi wangu, mnakaa na mali yangu, na jogoo hamlipi! Mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi, nangoja! Au Wenceslaus bado anamfukuza?"

Wenceslaus aliziba mdomo kwa mkono. Alimtazama shemeji yake. Eustadia alikuwa ameinamisha kichwa, na Nassibu hakujua kama analia.

"Yule tulimla Krismasi," alisema Eustadia taratibu.

"Mmekula jogoo wangu?"

"Tulimla. Na alikuwa mgumu kama Mzaramo." Aliinua uso, na macho yake yalikuwa yamebadilika. "Ungekuwa mwanaume ungengoja akamatwe. Umesikia treni inalia ukakimbia kama mwali! Nani alikwambia uondoke na mali haijakombolewa, mla nazi we, mpiga ngoma, mwenye kuogopa nzi?"

"Nyuki," alisema Nassibu. "Nzi siwaogopi."

Wenceslaus alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, na baada ya kelele nyingi alirudi na jogoo mchanga mwekundu, mtoto wa yule wa kwanza. Eustadia alimpokea, akamtupia Nassibu mapajani.

"Mizinga ya mume wangu naikomboa. Shuka."

Nassibu alishuka. Hivyo ndivyo mizinga ya Raymundi Masele ilivyorudi kwa mjane wake, machoni pa watu wa Usinge.

Upande wa serikali hakuna kilichobadilika, na walikaa jioni wakilizungumza hilo huku jogoo akiwa amefungwa mguu pembeni. Kibali kina jina la Nassibu. Bila Nassibu kambini, hakuna atakayepita. Nassibu aliuliza kama kuna njia nyingine yoyote. Wenceslaus alifikiri akasema haioni.

"Ipo hiyo hiyo," alisema Eustadia. "Utaingia nacho hicho kibali. Wenceslaus atarina, wewe utabeba. Asali yangu mpaka stesheni, begani, kila debe."

"Mimi? Nibebe mzigo wa Mnyamwezi?"

"Babu zetu walibeba kupita kwenu mpaka pwani. Hebu na sisi tuonje."

"Na nyuki?"

"Una kibali chako. Waonyeshe."

Nassibu alimpeleka jogoo Tabora kwa treni, akamkabidhi Batuli, ambaye alimtazama jogoo kisha mumewe, akasema sasa anaelewa kidogo kuliko mwanzo. Nassibu mwenyewe hadai kwamba ameelewa zaidi. Wateja wakimwuliza kama ni kweli ana nyuki, anasema ndiyo. Wakimwuliza kama nyuki ni wake, anasema hapana. Wakimwomba achague moja, anawaambia wakamwulize Bibi Maswali, na Bibi Maswali yuko Uingereza.

Msitu wa Usinge utafunguliwa Jumatatu, tarehe 6 Juni. Siku mbili kabla, Nassibu bin Mfaume atafunga kibanda chake cha magodoro, atapanda treni ya Kigoma akiwa amevaa kibati, na atakaa kambini kubeba asali ya Eustadia mpaka msimu uishe.